Simameni Niwaone

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu Babati, simu nimeilaza kifudifudi mezani. Nimeigeuza mwenyewe ili nisiitazame. Ungekuwepo ungenicheka, maana wewe ndiye uliyenifundisha kutazama, na leo nakikwepa kidude kidogo cha mezani kama mtoto anayekwepa kutumwa.

Tangu tukuzike sijakaa nikaongea nawe. Siku ya msiba nilikuwa na hasira na wewe, na nadhani ulijua. Katekista alikuja kuomba picha yako ya kuweka mbele ya jeneza. Tukafungua sanduku lako la bati. Picha zilijaa mpaka kifuniko kilikuwa hakikai vizuri, na zote zilikuwa zetu, mimi na mdogo wangu. Mimi na Safari. Mimi na Safari na ukuta. Safari ana kamasi, Safari hana kamasi, mimi nimenuna, mimi nimenuna zaidi. Yako hakuna. Mwishowe tukakata ile ya harusi ya Safari, ambayo umesimama pembeni, na hata hapo unamtazama mtoto wa watu. Ndiyo tuliyokuzika nayo. Watu wakapita kukuaga na wewe hukumtazama hata mmoja.

Nataka tuongee juu ya ile kamera. Safari anasema ulikuwa mpenda picha. Alikuwa mdogo, asamehewe. Mimi nilikuwa nimeshamaliza darasa la saba na nilikuwa naona. Hukupenda picha hata kidogo.

Kamera ililetwa na Mjomba Tluway, mdogo wako, aliyekuwa akiendesha mashine za kuvunia kwenye mashamba ya ngano kule Hanang. Wakati ule sisi bado tulikuwa Mkoa wa Arusha, Manyara haijazaliwa, na mashamba yale ya serikali yalikuwa yameanza kupunguza watu. Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao alimpa Mjomba kamera kama zawadi ya kuagana. Mjomba akaona huko kwake Masakta haina kazi, akakuletea. Uliifunika kwa kitambaa cha kufuma, ukaiweka juu ya kabati la vyombo, ukasema hicho ni kitu cha watu wenye nafasi. Rehema, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa mgongoni mwako siku hiyo, anavuta mkanda wa kamera na kuutia mdomoni. Mjomba akasema tumpige moja. Ukasema, "Ngoja akue kidogo. Hata nywele hazijajaa."

Rehema hakukua. Ulikuwa msimu wa mvua za vuli, ule ambao kijijini kwetu Daudi tunaamka na ukungu mpaka zizi letu wenyewe hatulioni. Kifua kilimbana usiku, asubuhi Baba akatoka kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Aliporudi na gari, wewe ulikuwa umekaa chini kwenye kizingiti, umemfunika mtoto kwa shuka, na hukuinuka kumsalimia dereva. Dereva akaelewa, akazima injini.

Mjukuu wako Upendo akisoma barua hii hataelewa kilichofuata, kwa hiyo nitamweleza kupitia kwako. Nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya ilikuwa inatengwa. Kwa lugha yetu jambo hilo lina jina lake zito, nami silitaki humu. Si kwamba watu wanakuchukia. Ni kwamba kifo bado kimekaa kwako na hakitakiwi kutembea. Kwa hiyo huvuki kijito. Huchoti maji wakati wengine wanachota, huombi moto, hupewi kikombe, ng'ombe wako hawachanganyiki na wa watu. Unakaa hivyo mpaka wazee waseme basi, na wazee hawana haraka. Padri alihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu wakaitikia amina, wakatoka nje, wakapita njia ya juu ili wasikutane na sisi. Baba alijaribu kwenda misa, akakuta benchi zima limeachwa liwe lake. Hakwenda tena. Akawa anaondoka na ng'ombe alfajiri kwenda kuchunga pembezoni, peke yake, na akirudi haongei.

Sisi watatu tukabaki. Na hapo ndipo ulipoinua mkono ukaishusha kamera.

Nakumbuka ulivyoifuta kwa ncha ya kanga. Mjomba alikuwa bado yupo, alikuja kuzika na hakujali habari za kutengwa kwa sababu kwake ni mbali na nani angemuuliza. Alikuonyesha pa kubonyeza na pa kuzungusha. Hukuuliza maswali. Ulitutoa nje, ukatupanga kwenye ukuta wa mbele, mimi kushoto, Safari kulia, ukarudi nyuma hatua kadhaa ukiwa umeinamisha kichwa.

"Simameni niwaone," ulisema.

Hukusema niwapige picha. Kila siku ulisema hivyo hivyo, na mimi nilichelewa sana kulisikia neno hilo. Nilichojua ni kwamba huna picha ya Rehema hata moja. Kila jioni ulikuwa ukiniuliza, "Pua yake ilikuwa kama yako au kama ya Safari?" Siku ya kwanza nikasema kama yangu. Baadaye nikasema kama ya Safari, maana na mimi nilikuwa nimeshaanza kumsahau. Ukanitazama. Kesho yake ulitutoa nje mapema zaidi.

Ikawa sheria ya nyumba. Hatunywi uji kabla ya picha. Hatuendi kuni, hatuendi shambani, Safari haruhusiwi hata kuteremka bondeni kukimbiza ndama. Ukungu ukiwa mzito tunasubiri ukutani mpaka jua litoboe, miguu imekufa ganzi, Safari analia kwamba anataka kukojoa. "Bado," unasema. "Sijawaona vizuri." Mjomba alikuwa akipita kila baada ya muda, anachukua filamu iliyokwisha, anaipeleka mjini Mbulu. Siku hizo biashara zilikuwa zimefunguliwa na maduka yalianza kuuza kila kitu, sabuni za rangi rangi, redio, betri, filamu. Huko wanaituma Arusha kusafishwa, na siku nyingine anarudi na bahasha. Hukuziangalia kwa furaha. Uliziangalia kama mtu anayehakiki mifugo jioni, ukishaona wote wamo unafunga zizi.

Halafu filamu ikaisha na Mjomba hakutokea. Mimi nikafurahi kimoyomoyo. Nikadhani leo tumepona. Asubuhi ukatutoa vilevile, ukatupanga vilevile, ukaweka jicho kwenye kamera tupu.

"Mama, si imeisha?" nikauliza.

"Nyamaza. Simama."

"Sasa unapiga nini?"

"Nawaona."

Hapo niliogopa, Mama. Sijawahi kukuambia. Niliogopa kuliko siku ya kuzika. Niliona kwamba hata wazee wakisema basi, hata watu wakirudi kutuomba moto na chumvi, sisi hatutatoka. Waliotutenga walikuwa ng'ambo ya kijito. Wewe ulikuwa hapa hapa, mlangoni, umeshika kamera.

Ndipo matokeo yakaja. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa mgeni kutoka mbali, lakini alipanga chumba kwa mzee wa hapo na mwenye nyumba alishamwonya. Kwa hiyo alisimama ng'ambo ya kijito, amevaa suti yake ya kahawia, akaweka mikono mdomoni akaita jina langu. Nilikuwa naosha sufuria. "Umechaguliwa!" alipiga kelele. "Sekondari! Ya bweni! Shule nzima wewe tu na mvulana mmoja!"

Nilikimbia mpaka ukingoni. Maji yenyewe yalinifika kwenye kifundo cha mguu, mtu angeweza kuruka. Nikasimama. Mwalimu naye akasimama. Tulikuwa tunatabasamu kama wajinga wawili, hakuna wa kumshika mwenzake mkono. Wewe ulikuja nyuma yangu taratibu.

"Asante, Mwalimu," ulisema. "Umefanya vizuri kutuletea habari."

Ukageuka, ukaniambia, "Njoo." Nikadhani tunakwenda kumwambia Baba. Tukaenda ukutani. Mjomba alikuwa ameshaleta filamu mpya; ulikuwa umeshatupiga picha asubuhi, ukatupiga tena. Ile picha ninayo hapa. Safari anatazama mbele kama kawaida. Mimi macho yangu yako pembeni kabisa, yanatazama njia ya ng'ambo, na ukiangalia vizuri utaona nimekunja ngumi.

Usiku ule Baba alisema nitakwenda. Ukasema, "Atakwenda wapi, wakati hatujafunguliwa?" Baba akasema atawaomba wazee. Ukasema, "Waombe." Lakini ulivyosema nilijua kwamba unaomba wakatae. Na kweli wakasema bado. Siku ya kuripoti shuleni ikawa inakaribia, shuka langu la shule likiwa limekunjwa juu ya sanduku, na kila asubuhi nasimama ukutani.

Sasa nije kwa Mama Bura, maana bila yeye nisingekuwa nakuandikia kutoka Babati. Ningekuwa nimesimama pale pale.

Rafiki yako huyo mlikuwa mmelima pamoja, mmezaa pamoja, mnasukana. Nyumba yake tunaiona kutoka kwetu, ng'ambo tu. Lakini alikuwa akiishi na mama mkwe wake, yule bibi mkali ambaye hata mbwa walikuwa wanampisha, na bibi alishasema atakayevuka kijito asirudi. Mama Bura akawa anasimama kwenye mlango wake jioni, nawe unasimama kwenye wako. Hampungiani mikono. Mnasimama tu, halafu kila mmoja anaingia ndani kupika.

Ukafanya jambo ambalo wewe mwenyewe hukuliona kuwa ni kosa. Ulichagua picha moja, iliyotoka vizuri, Safari amecheka kwa bahati mbaya, ukampa Mjomba ampelekee Mama Bura. "Mwambie aone watoto walivyokua," ulisema. Picha ni karatasi. Barua ya kanisa inavuka kijito, chumvi inavuka, mbona karatasi isivuke?

Baada ya muda tukasikia kelele ng'ambo. Tukatoka. Wazee walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Mama Bura, na bibi amesimama katikati ameishika picha yetu kwa vidole viwili, kwa pembe, kama mtu aliyeokota nyoka. Upepo ulikuwa unakuja upande wetu, tukasikia kila neno.

"Hii ni karatasi tu, mama," mzee mmoja alisema.

"Karatasi haina macho," bibi akajibu. "Hawa wananitazama. Nimelala nao nyumba moja sijui tangu lini."

"Hawakuingia wao. Ni sura."

"Wewe ukienda kwa mtu unakwenda na nini? Unaacha sura nyumbani?"

Wazee walijadili mpaka ng'ombe wakarudi. Wakaamua kwamba watu wa nyumba iliyotengwa wameingia kwenye nyumba ya Mama Bura, wamekaa humo, wamelala humo. Kwa hiyo na hiyo nyumba itengwe. Ng'ombe wao wakatolewa kwenye malisho ya pamoja jioni hiyo hiyo. Bibi alipiga yowe kama aliyefiwa. Yeye ndiye aliyeshitaki na yeye ndiye aliyefungiwa.

Uliingia ndani ukakaa gizani. Ulisema, "Nimemfunga mwenzangu. Sikutosheka na watoto wangu, nimemfunga na yeye." Hukupika. Nilipika mimi, ugali ukawa mbichi, hakuna aliyelalamika.

Asubuhi yake tulikuwa ukutani. Filamu ilikuwamo, umeinamisha kichwa, umefumba jicho moja. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Mama Bura alikuwa anateremka kwake, kibuyu mkononi, sketi ameikusanya. Akafika kijitoni. Hakutazama kulia wala kushoto. Akaingia majini na viatu vyake vya plastiki, akatoka upande wetu, akapanda mpaka uani.

Ulishusha kamera. "Rudi," ulisema. "Watakutenga."

"Nimeshatengwa."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako, ndiyo. Sasa nani ataniambia nini? Aliyefungiwa anamwogopa aliyefungiwa?" Akaweka kibuyu chini. "Weka hicho kitu nikusalimie."

Wazee wote wale, na busara zao, hawakuwa wamefikiria hilo. Nyumba mbili zilizotengwa hazina cha kuambukizana. Ukabaki umeishika kamera kifuani. Mama Bura akakuchukua mikononi hivyo hivyo, kamera katikati yenu, na ndipo ukalia. Hukuwa umelia hata siku moja, Mama. Ulilia kwa sauti ambayo Safari aliogopa akaja kujificha nyuma yangu. Mama Bura alikuwa anakupapasa mgongo huku akisema maneno ya kawaida kabisa, kwamba maziwa yamegandishwa vizuri, kwamba mahindi yake yameanza kuliwa na nyani, kwamba mama mkwe wake amegoma kula na Mungu amjalie aendelee kugoma.

Akawa anakuja kila siku. Siku moja mlipokuwa mkimenya viazi nilimsikia akicheka peke yake. Ukamuuliza kuna nini. Akasema, "Ile picha. Unafikiri bibi aliitoa wapi? Niliisimamisha dirishani, imetazama mlango. Kila akiingia wanamkodolea macho. Nilijiambia, haya, tuone atavumilia mpaka lini."

Uliacha kumenya. "Ulifanya makusudi?"

"Nilichoka kukutazama kwa mbali," alisema, akaendelea kumenya.

Ni yeye aliyeuliza habari za shule, mimi nikiwa nyuma ya mlango nimebana pumzi. "Huyu mtoto anaondoka lini?"

"Haondoki."

"Kwa nini?"

"Huko nani atamwangalia?"

"Walimu."

"Walimu wana watoto wengi." Ukasema kwa sauti ya chini, "Rehema alikuwa hapa. Hapa mgongoni kwangu, na akaniponyoka. Huyu akiwa mbali nitamshikaje?"

Nilisikia kiazi kikiingia kwenye maji. "Siku ile Rehema anaondoka," Mama Bura alisema, "ulikuwa unamtazama au hukuwa unamtazama?"

"Nilikuwa namtazama."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Sikupepesa."

"Basi," Mama Bura alisema.

Mimi nyuma ya mlango nilikuwa na miaka michache tu ya akili, lakini nililielewa hilo "basi" mpaka kwenye mifupa. Ulikuwa umemtazama na haikusaidia. Jioni uliniita ukaniuliza kama shuka la shule limekauka, wakati lilikuwa kavu tangu mwezi uliopita.

Baba alitaka tuondoke alfajiri na ukungu, tusionekane, maana wazee walikuwa bado hawajasema basi. Ulikataa. Ulisema mtoto wako haendi shule kama mwizi wa kuku. Tukaondoka jua limeshapanda, wewe mbele, sanduku langu kichwani mwako, mimi nyuma. Tukavuka kijito. Watu walikuwa wanakwenda gulioni. Walipotuona wakaanza kutoka njiani, mmoja kwenye shamba la maharage, mwingine nyuma ya mikaratusi.

Tukakutana na yule mzee aliyesema karatasi ni karatasi tu. Alikuwa na fimbo, hakuwa na pa kukimbilia. Ukapiga goti kidogo, sanduku likiwa kichwani, ukasema, "Shikamoo, baba."

Niliona uso wake ukipata taabu. Mtu wa kwetu anaweza kukunyima moto, maji na njia. Lakini shikamoo aiache hewani? Mdomo wake ulifunguka wenyewe.

"Marahaba," alisema. Halafu, kwa kuwa limeshatoka, akamalizia, "Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi?"

"Nampeleka mtoto shule."

"Aa. Shule." Akatazama chini. "Haya. Asome."

Ukaendelea hivyo njia nzima. Shikamoo, mama. Shikamoo, baba. Wale walioko nyuma ya mikaratusi wakaitikia kutoka nyuma ya mikaratusi. Tulipofika barabarani kulikuwa hakuna mtu Daudi ambaye hajaongea na sisi. Wazee walitangaza baadaye kwamba tumefunguliwa, lakini wote walijua hakukuwa kumebaki cha kufungua.

Lori la mahindi likaja. Sanduku likapandishwa. Na mimi, Mama, nikafanya kitu ambacho bado kinaniuma nikikikumbuka. Nilikwenda kusimama ubavuni mwa lori, nikanyoosha kola, nikashusha mikono, nikakutazama. Nilikuwa nasubiri. Mwili wangu haukujua namna nyingine ya kuagana nawe.

"Unangoja nini?" uliniuliza. "Panda."

Mikono yako ilikuwa mitupu. Hukuwa umeileta.

Nilipanda. Nilikuona mpaka kona. Nilivyopata uhuru siku ile siwezi kuusimulia. Niliimba na wale makuli juu ya magunia mpaka Mbulu, na sikulia, na nilijiona nina dhambi kwa kutokulia.

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia. Upendo amekwenda chuo cha uuguzi, kusini kabisa, safari ya siku mbili kwa basi. Nilimpakia mwenyewe, nikampa simu nzuri. Nikamwambia, "Mwanangu, sikuombi kitu kingine. Nitumie picha moja kila siku, nikuone." Nilivyoongea ilikuwa kama upendo. Alisema sawa, Mama, na ni mtoto mtiifu, hakukosa hata siku moja. Nami kila picha ikifika naikuza kwa vidole. Naangalia shingo kama amekonda. Naangalia kitanda nyuma yake, kama kimetandikwa, na kama kuna kiatu cha mtu mwingine. Siku moja nilimpigia kumuuliza huyo aliyekaa nyuma yake ni nani. Alikuwa mlinzi wa geti, mzee wa watu, anakunywa chai.

Na picha inapochelewa, Mama, siwezi kufanya kazi. Watu wapo dukani kwangu wananiongelesha, mimi nasikia mlio tu. Nyumbani hapa nina ukuta na geti la chuma. Hakuna aliyenitenga. Jirani ananisalimia juu ya ukuta, tunaulizana habari, kila mtu anarudi ndani kwake. Hakuna anayekuja, na mimi sina pa kwenda, kwa sababu lazima niwe mahali penye mtandao saa ya picha ikifika. Mama Bura ni mzee sasa, amebaki kule juu, masikio yamekwisha, simu haisikii. Nimefungiwa vizuri kuliko wakati ule, na kufuli niliinunua mwenyewe.

Jana Upendo alituma yake kama kawaida. Amesimama kwenye ukuta wa bweni, sare nyeupe imepigwa pasi. Nikaikuza. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa pembeni, kuna kitu huko anakitazama, labda wenzake wanamsubiri, labda njia tu. Nilimjua yule msichana. Nimekaa ndani yake.

Nikampigia. "Kuanzia kesho usinitumie tena," nikamwambia.

"Mama, nimekosea nini?"

"Hujakosea."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Wenzako wanakusubiri, nenda."

"Umejuaje kama wananisubiri?" akauliza, na nikasikia anacheka, cheko jepesi ambalo sijalisikia tangu apande basi. Halafu akakata, haraka, kama mtu aliyefunguliwa mlango akaogopa utafungwa tena.

Hiyo ilikuwa jana. Leo saa yake imefika na imepita. Simu imelala kifudifudi na haijatoa sauti, kwa sababu ni mtoto mtiifu, na nilimwambia asitume. Chai imepoa. Nimefua nguo zilizokuwa safi. Nimefika getini nikarudi, mara kadhaa.

Nilikuwa na hasira na wewe kwa mengi, Mama, na mengi nilikusamehe zamani. Lakini hili moja sikuwahi kukuuliza wakati ulikuwepo, kwa sababu nilikuwa juu ya magunia naimba na sikufikiria kwamba kuna mtu amebaki barabarani. Lori lilipopiga kona ulirudi nyumbani. Ulivuka kijito. Asubuhi yake ukamtoa Safari nje, ukamsimamisha ukutani, na upande wa kushoto hakukuwa na mtu.

Ulifanyaje, Mama? Ile asubuhi ya kwanza, ulifanyaje?

Pumzika salama. Msalimie Rehema, mwambie pua yake ilikuwa yake mwenyewe.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Mama Upendo